Broka amenitumia sachi kwa WhatsApp, naeza kuiamini?

Swali limetoka kwa dada mmoja anakaa Umoja, naliweka hapa kwa ufupi: anataka kununua ploti ya fifti bai handred (futi 50 kwa 100) huko Ruai, broka amemtumia picha ya taito na PDF ya sachi, ile karatasi ya msajili wa ardhi inaonyesha ploti ni ya nani na iko na mizigo gani, kwa WhatsApp, anamwambia alipe dipositi kabla ya wiki kuisha juu kuna mtu mwingine anaitaka. Dada akajaribu kuingia Ardhisasa, ule mtandao wa serikali wa rekodi za ardhi, afanye sachi yake mwenyewe, mtandao ukamwambia hiyo namba haipatikani. Broka anasema mtandao ndio uko na shida, sachi yake inatosha. Anauliza afanye nini.

Dada yangu, kwanza usilipe. Hata ile elfu kumi ya "kushikilia" usitume. Nimefanya hii kazi ya uwakili wa mashamba hapa Nairobi miaka mingi, na watu wengi wenye nimewaona wakilia hawakukosa kufanya sachi, sachi walikuwa nayo mkononi, shida ni kwamba walipewa na mtu mwenye anauza. Sachi ni jibu la msajili kwa mtu mwenye ameuliza. Kama si wewe uliuliza basi hujui aliulizwa nini na alijibu nini, PDF inaeza kubadilishwa jina na mtu yeyote ako na laptopu na dakika kumi. Na hata kama ni ya ukweli, angalia tarehe. Sachi ya mwezi wa tatu inakuambia mambo ya mwezi wa tatu, tangu hapo mwenyewe anaeza kuwa amechukua loni ya benki na hiyo taito, ama bibi yake ameweka zuio (kaveati) ndio isiuzwe, ama imeuzwa tayari, na hiyo karatasi yako bado inasoma safi.

Umefanya vizuri sana kujaribu mwenyewe. Sasa wacha nikueleze vile inafaa kwenda, alafu tufike kwa hiyo "haipatikani", manake hapo ndio mambo yako yamelala.

Ardhisasa ilizinduliwa tarehe 27 Aprili 2021, na Nairobi ndio ilianza. Kabla ya hapo ilikuwa lazima upande Community hadi Ardhi House, ofisi za Wizara ya Ardhi, na fomu na kopi ya taito, uache hapo, urudi siku nyingine kuchukua jibu. Siku hizi ploti yenye iko kwa registri ya Nairobi sachi yake inaombwa kwa mtandao, kutoka kwa simu yako, ukiwa umekaa kwako Umoja. Kufungua akaunti unahitaji kitambulisho, PIN ya KRA, picha ya pasipoti yenye inaonekana vizuri, na namba ya simu. Hiyo namba ya simu ndio inaangusha wengi, lazima iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako wewe, si laini yenye bwana yako alikununulia ama ya ndugu yako, manake mtandao unalinganisha jina na kitambulisho, zikikosana unakaa hapo siku nzima ukijaribu. Na tafadhali usiende saiba umwambie kijana akufungulie na namba yake na imeli yake ndio muende haraka. Zile namba za siri zinatumwa kwa SMS zitakuwa zinaenda kwake, notisi zote kuhusu mali yako pia zitaenda kwake, na siku moja utakuwa na taito yako hapo ndani. Kama hujui kompyuta kaa kando yake, lakini tumia simu yako, imeli yako, pasiwadi yako.

Ukishaingia unaenda kwa huduma za usajili wa ardhi, unachagua sachi, unaweka namba ya ploti vile iko kwa taito na kila mkwaju na kila herufi, alafu unalipa. Malipo yanapitia eCitizen, unaona kiasi kwa skrini kabla ya kulipa, na pesa inaenda kwa peibili ya serikali 222222. Mtu akikuambia utume kwa tili yake ama namba yake ndio "asukume faili", achana naye hapo hapo. Na ujue kwamba unapoomba sachi ya mali ya mtu mwingine, mwenye mali anapelekewa ombi akubali. Wengi wanalalamika juu ya hii na naelewa, lakini kwa mnunuzi inakusaidia pia. Muuzaji wa ukweli, mtu anataka pesa yako, anafungua akaunti yake, anaonyesha ploti yake iko kwa jina lake, anakubali ombi lako, mnamaliza. Mwenye anazunguka wiki tatu akikuambia simu yake imepotea, ama mwenye shamba ni mzee hataki mambo ya mtandao, ama mwenyewe yuko Marekani na yeye ndiye anamshughulikia, huyo uliza maswali zaidi. Na kama kweli mwenyewe yuko Marekani kuna njia, anaandika pawa ya uwakili, karatasi ya kumruhusu mtu mwingine auze kwa niaba yake, inasajiliwa, na wewe unaiona kwamba imesajiliwa.

Sasa tuje kwa "haipatikani". Broka anaeza kuwa anasema ukweli, na anaeza kuwa anakudanganya, na skrini peke yake haitakuambia ni gani. Kuna sababu kadhaa na inafaa uzipitie moja moja.

Ya kwanza ni namba zenyewe. Kenya ilikaa miaka mingi na sheria kadhaa za kusajili ardhi kwa wakati mmoja, kila moja na namba zake na aina yake ya taito. Ndio maana hapa Nairobi utapata mtu ako na taito inasoma L.R. na namba yenye mkwaju, na kando iko namba nyingine ya I.R., alafu jirani yake ako na taito inasoma Nairobi, Block fulani, ploti fulani. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya 2012 ilikuja kuweka zote chini ya mwavuli mmoja, na zile L.R. zikaanza kugeuzwa kuwa za Block, orodha zikitolewa kwa Gazeti la Serikali ndio mtu mwenye ako na malalamiko alalamike. Kwa hivyo inawezekana umeweka namba ya zamani na ploti siku hizi iko na namba mpya. Muulize muuzaji, si broka, muuzaji mwenyewe: hii ploti imegeuzwa? Namba mpya ni gani? Kama imegeuzwa, orodha iko kwa Gazeti, namba ya zamani kando ya mpya, na ukubwa wake umeandikwa.

Ya pili, rekodi inaeza kuwa haijathibitishwa kwa mtandao. Kuna mashamba mengi ya halali kabisa hapa Nairobi yenye bado mwenyewe hajaingia kuyadai. Hapo mwenye ploti ndiye anafaa kufungua akaunti, aweke taito yake, kitambulisho na PIN, aombe mali yake ithibitishwe. Wewe mnunuzi huwezi kumfanyia. Inachukua muda, na muuzaji mwenye ako na haraka anafaa kuwa ndiye anakimbia kuifanya, si wewe.

Ya tatu, na kwa Ruai hii ni ya maana sana, uhakikishe hiyo ploti iko Nairobi kweli. Mabroka wetu wakisema Ruai wanaeza kumaanisha Joska, na huko umeshavuka Machakos, ama upande ule mwingine umeingia Kiambu. Soma taito juu kabisa, imeandikwa registri gani. Taito ya Machakos haitapatikana ukiitafuta kama ya Nairobi, na hapo mtandao hauna makosa, wewe umebisha kwa mlango wa jirani. Unaenda kwa registri yenye imeandikwa hapo.

Ya nne ndio naiogopa zaidi. Inaeza kuwa hiyo ploti haina taito yake. Sehemu kubwa ya Eastlands, Embakasi huko, Ruai, Kasarani, ilinunuliwa na makampuni na sosaiti za kununua ardhi, watu wakawekeza, wakapewa sheasatifiketi na namba ya ploti kwa karatasi ya kampuni. Shamba lote bado liko kwa taito mama moja, kwa jina la kampuni. Kuna watu wamejenga hapo magorofa na wamekaa miaka thelathini na hakuna mtu amewasumbua, siwezi kusema kila sheasatifiketi ni ya wizi. Lakini hiyo namba ya ploti ya kampuni haiwezi kupatikana kwa registri ya serikali, haiko huko, iko kwa kitabu cha kampuni, na kama hicho kitabu kiko na wakurugenzi wanapigana kortini basi ploti moja inaeza kuuziwa watu watatu na wote wako na karatasi zenye stempu. Hapo sachi yako ufanye kwa taito mama, uone iko kwa jina la nani, na utoe CR12 ya hiyo kampuni kupitia eCitizen ujue wakurugenzi wa sasa ni nani. Na bei isiwe ya taito wakati unanunua sheasatifiketi.

Hapo hapo niseme juu ya alotimenti leta, ile barua ya kugawiwa ardhi ya serikali, juu najua broka akishindwa na taito ataleta hiyo. Korti ya Juu (Supreme Court) mwaka wa 2023, kwa kesi ya Torino Enterprises, ilisema wazi kwamba alotimenti leta haikupi ardhi, ni ofa tu, mpaka mwenye amepewa atimize masharti na asajiliwe. Mtu hawezi kukuuzia kitu hajapata.

Na ya tano unaijua mwenyewe, taito ni bandia.

Njia ya kujua ni gani kati ya hizi: muulize muuzaji kopi ya taito yote, mbele na nyuma, kila ukurasa, si picha ya ukurasa wa kwanza yenye imekatwa pembeni. Kama ploti ni ya Nairobi na mtandao umekataa, beba hiyo kopi, kitambulisho chako na PIN yako, uende Ardhi House mwenyewe ama na loya wako, uulize dawatini kwa nini hiyo namba haionekani. Omba pia kopi ya rejista yenyewe yenye imethibitishwa, ile watu wanaita grinikadi kwa shamba la kumiliki milele na waitikadi kwa la lizi, lile la kukodishwa kwa miaka fulani. Hiyo ndio napenda kuliko sachi, nitakueleza kwa nini.

Lakini kwanza ukipata sachi uisome, usiangalie jina tu ukafurahi. Iko na sehemu tatu. Sehemu ya kwanza inaeleza mali yenyewe, namba, ukubwa, na kama ni ya milele ama ni lizi. Ukubwa unaandikwa kwa hekta, na hapo watu wengi wanapotea. Fifti bai handred ni kama hekta 0.0465. Nusu robo ya ekari kamili, ile mabroka wanakuambia ni kitu moja na fifti bai handred, ni kama hekta 0.0506. Ukiona 0.0300 basi unauziwa kitu kingine kabisa, na ukiona hekta mbili au tatu ujue hiyo ni taito mama, hiyo sachi si ya ploti yako, broka amefanya sachi ya shamba lote akakutumia. Kama ni lizi angalia ilianza mwaka gani na ni ya miaka mingapi, lizi ya miaka 99 yenye ilianza 1950 imebakisha muda mfupi sana na benki hazitaitaka.

Sehemu ya pili ni mwenyewe, jina, na tarehe alisajiliwa. Linganisha hilo jina na kitambulisho cha mtu mwenye umekaa naye uso kwa uso, herufi kwa herufi. Na hiyo tarehe itazame sana. Mtu amesajiliwa wiki mbili zilizopita na leo anauza kwa haraka na bei ya chini, mimi hapo nasimama. Kama mwenye jina amekufa, hakuna mtoto wala bibi anaweza kukuuzia mpaka mambo ya urithi yaende kortini na ile granti, karatasi ya korti ya kusimamia mali ya marehemu, ithibitishwe, hata kama familia nzima imekubali na imekupikia chai.

Sehemu ya tatu ni mizigo. Chaji ya benki, zuio lenye limewekwa na mtu anadai haki yake hapo, kizuizi cha msajili, amri ya korti. Broka atakuambia "hiyo kaveati ni kitu kidogo itatolewa". Itolewe kwanza, alafu ufanye sachi nyingine.

Sasa ile sababu napenda rejista. Sachi inakuambia leo kitabu kinasema nini. Haikuambii kitabu kilifikaje kusema hivyo. Kifungu cha 26 cha hiyo Sheria ya 2012 kinasema taito inaeza kupingwa kama ilipatikana kwa njia isiyo halali, ama bila kufuata utaratibu, ama kwa ufisadi, na mwezi wa Aprili 2023 Korti ya Juu kwa kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa ikasema kuonyesha taito peke yake haitoshi, lazima mzizi wake uwe safi. Yule mnunuzi hakuwa wa kwanza, alinunua kwa mwenye alikuwa na taito, na bado alipoteza juu hiyo ardhi tangu mwanzo ilikuwa ya umma. Wewe ukiwa na rejista yote unaona kila jina tangu ya kwanza, kila uhamisho na tarehe yake, unaona kama shamba lilitoka kwa serikali kwenda kwa nani, unaona kama kuna mtu aliruka kutoka hewani. Huko Syokimau Novemba 2011 nyumba zilibomolewa na watu walikuwa na karatasi mkononi. Athi River Oktoba 2023 pia watu walikuwa na karatasi. Ruai yenyewe iko na ardhi ya mradi wa majitaka ya mji, kwa hivyo huko uliza mara mbili.

Savea mwenye leseni pia ni wa lazima, si kijana wa kuonyesha bikoni, zile alama za mipaka. Atatoa ramani kwa ofisi za Sevei huko Ruaraka, aende na wewe shambani, apime, akuambie kwamba namba iko kwa taito ndio hii ardhi mmesimama juu yake. Nimekuwa na mteja mwenye sachi yake ilikuwa safi kabisa, taito ya ukweli, muuzaji wa ukweli, lakini ploti alionyeshwa ilikuwa ya mtu mwingine kando ya barabara, yake ya ukweli ilikuwa ndani kwa bonde la mto. Alijenga msingi kwa ploti ya watu. Mtandao haungemwambia hiyo. Na ukiwa hapo ongea na majirani, mama mwenye anauza mboga kwa kona anajua kama hiyo ploti imeletewa wanunuzi watano mwaka huu.

Ada za kaunti na kodi ya ardhi ya lizi uangalie pia, deni lake linafuata ploti, lakini hiyo loya atashughulikia. Huyo loya uchague wewe, na jina lake ulitafute kwa mtandao wa Chama cha Mawakili uone ako na leseni ya mwaka huu. Asiwe loya wa broka. Kawaida dipositi ni asilimia 10 na inakaa kwa mawakili, baada ya mkataba kuandikwa na kusainiwa, na kama muuzaji ameoa ama ameolewa mwenzake anasaini kukubali.

Kwa hivyo leo jioni mtumie broka meseji, mwambie unataka mambo matatu: kopi ya taito yote mbele na nyuma, namba ya simu ya muuzaji mwenyewe, na muuzaji athibitishe ploti yake kwa Ardhisasa ndio akubali ombi lako la sachi. Mwambie dipositi iko tayari na italipwa kupitia wakili siku sachi yenye umeomba wewe itatoka. Akisema yule mtu mwingine atainunua kesho, mwambie sawa ainunue. Akileta hizo tatu, niandikie tena na uweke jina la registri na ukubwa wenye umeandikwa, usiweke jina la mtu wala namba ya ploti hapa wazi, tuendelee kutoka hapo.